Spika wa Illinois na Majivuno wa Kusadikika

Kila taifa lina sura ya mtawala mbaya ambayo limeichora katika hadithi zake, na watoto wa taifa hilo huikariri sura hiyo tangu shuleni hata wakaichukua kuwa ndiyo kweli yenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili sura hii yajulikana sana. Mtawala mbaya ana sauti kubwa na tumbo kubwa, hula mbele ya wenye njaa, hupenda kusifiwa, akipingwa hughadhibika, na akighadhibika hufunga au huua. Aghalabu hata jina lake humshitaki kabla hajatenda neno. Msomaji akifungua kitabu na kukutana na waziri aitwaye Majivuno, hana haja ya kungoja ukurasa wa mwisho ili ajue nani ana haki na nani ni mdhalimu.

Insha hii yataka kuuliza swali moja: je, sura hiyo yatufaa? Sisemi kuwa haipendezi, wala sisemi kuwa watu wa namna hiyo hawakupata kuwako duniani. Nauliza kama yamwandaa msomaji kumtambua mla rushwa atakayekutana naye nje ya kitabu. Ili kulipima swali hili nimechagua kisa kisichotoka kwetu, kilichochunguzwa hadharani mahakamani, nacho ni kisa cha Michael Madigan, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Illinois katika Marekani. Nimechagua cha mbali kwa makusudi. Kisa cha jirani husomwa kwa mapenzi au kwa chuki, bali kisa cha mbali huweza kusomwa kama kitabu.

Madigan alizaliwa Chicago mwaka 1942. Baba yake alikuwa mtumishi wa mji na mtu wa chama cha Democratic katika kata ya 13. Ili kufahamu maana ya malezi haya, yafaa kujua jinsi chama hicho kilivyofanya kazi katika zama za Meya Richard J. Daley, aliyeutawala mji huo tangu 1955 hata alipokufa mwaka 1976. Kila mtaa ulikuwa na mtu wa chama aliyezijua nyumba zake zote. Taka zisipozolewa, mti ukianguka njiani, kijana akikosa kazi, mtu huyo ndiye aliyekimbiliwa. Yeye alitimiza haja, na siku ya kura alikuja kudai deni lake. Hapakuwa na hati wala risiti. Palikuwa na kumbukumbu tu. Katika malezi hayo kijana hujifunza mapema kwamba fadhila ndogo zikihesabiwa vizuri huzaa mamlaka makubwa.

Alisoma sheria, akafanya kazi katika ofisi ya sheria ya mji, na mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 27, akawa mkuu wa chama katika kata ileile ya baba yake. Alichaguliwa pia kuwa mjumbe wa mkutano uliotunga katiba mpya ya jimbo, katiba ya 1970. Mwaka huo wa 1970 wapiga kura wakampeleka katika Baraza la Wawakilishi, akaingia Januari 1971, asitoke humo kwa miaka 50. Hivyo basi alianza maisha yake ya siasa akiwa miongoni mwa walioandika kanuni za mchezo ambao yeye mwenyewe angekuja kuucheza kuliko wote.

Katiba ile ilisema kwamba tume ya kugawa mipaka ya uchaguzi ikigawanyika sawasawa baina ya vyama viwili, jina la mjumbe wa kuamua litolewe kwa bahati nasibu. Mwaka 1981 bahati iliwaangukia watu wa Democratic, na Madigan, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa upande wa wachache, ndiye aliyesimamia uchoraji wa mipaka. Katika uchaguzi wa 1982 chama chake kilipata viti vingi, na Januari 1983 akawa Spika. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Republican. Mipaka ikachorwa upya, na katika uchaguzi wa 1994 Madigan akapoteza wingi wake. Kwa miaka miwili, 1995 hata 1997, kiti kilikaliwa na mtu mwingine. Kisha akarudi, tena kwa kushinda juu ya mipaka iliyochorwa na wapinzani wake, akakaa hata Januari 2021. Jumla yake ni miaka 36. Hakuna kiongozi mwingine wa bunge katika Marekani, liwe bunge la jimbo au la taifa, aliyepata kukaa kitini muda kama huo.

Hapa yapasa kusahihisha kosa ambalo msomaji wetu aweza kulifanya. Spika wa huko si mwamuzi asiye na upande kama tuliyemzoea katika mabunge yetu. Yeye ndiye kiongozi wa chama chenye viti vingi. Katika Illinois, kwa kanuni ambazo Baraza lilijiwekea, mswada uliopelekwa katika kamati ya kanuni haukutoka humo pasipo ridhaa ya Spika. Nao mswada usiotoka ulikufa kimya kimya, bila ya kupingwa wala kupigiwa kura. Spika aliteua wenyeviti wa kamati, na uenyekiti ulikuwa na malipo yake. Tangu 1998 Madigan alikuwa pia mwenyekiti wa chama katika jimbo, basi fedha za kampeni nazo zilipita mikononi mwake. Mjumbe aliyetaka kusaidiwa katika uchaguzi alijua mlango wa kubisha. Na mambo yote hayo, kama msomaji aonavyo, yalikuwa halali.

Tazama sasa tabia ya mtu mwenyewe. Madigan ni mwembamba, mnyamavu, mwenye nadhari. Katika karne hii ya simu za mkononi yeye alijulikana kwa kutokuwa na simu ya mkononi, wala hakutumia barua za kompyuta. Wanaosimulia habari zake hutaja chakula chake cha mchana, nacho ni tofaa. Hakuwa msemaji wa majukwaa. Alijua kanuni, alijua hesabu ya kura, na alijua nani ana deni kwake.

Kisa kimoja chatosha kuonyesha uwezo wake. Usiku wa tarehe 30 Juni 1988 Baraza lilikuwa likijadili mswada wa kujenga uwanja wa timu ya besiboli ya White Sox, ambayo ilitishia kuhama Chicago. Kwa sheria za Illinois, baada ya saa sita za usiku huo mswada ungehitaji kura nyingi zaidi ili upite. Saa sita zilipita na kura hazijatimia. Lakini saa ya Baraza haikupita; ilisimamishwa, na kumbukumbu zikaandika kuwa mswada ulipita dakika moja kabla ya wakati. Watu walicheka, wakafurahi kwa timu yao kubaki. Mimi nikikisoma kisa hiki huona kwamba mtunzi wa tamthilia asingeweza kubuni ishara iliyo bora kuliko hiyo. Mtawala wa hadithi zetu angewatuma askari walizingire Baraza. Spika wa Illinois aliweza kuizuia saa, na siku ya pili kila mtu akaenda kazini kwake.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa mtu huyu. Lugha yetu yasema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, na kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Shakespeare naye, katika tamthilia ya Julius Caesar ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikachapwa mwaka 1963, amempa Kaizari hofu hiyo hiyo: wanene hawamtii wasiwasi, bali humwogopa Cassius, aliye mwembamba na mwenye mawazo mengi. Methali zilimjua mtu huyu, na tamthilia tuliyoifasiri ilimjua. Ajabu ni kwamba watunzi wetu wa riwaya na tamthilia, wanapotaka kuchora ufisadi, aghalabu wamemwacha simba mwenda pole wakamfuata debe tupu.

Nitatoa mifano miwili, nayo nimeichagua katika vitabu ninavyovipenda, maana kukosoa kitabu kibovu hakumfunzi mtu neno. Katika Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka mwaka 2001, Mtemi Bokono awatawala watu wa Butangi kwa kuvishika visima vya maji, na wanaompinga huingia gerezani na kuteswa. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotoka mwaka 2009, hospitali haina dawa na wafanyakazi wamegoma, ilhali meya ashughulikia mapokezi ya mameya wageni. Tamthilia zote mbili zina nguvu jukwaani, na hasira yake ni hasira ya haki. Walakini katika zote mbili mtazamaji amtambua mdhalimu tangu anapoingia. Kazi ya kutambua imefanywa na mtunzi. Mtazamaji amebakiwa na kazi ya kuchukia tu. Naye atokapo ukumbini huenda akamchukia kila mwenye tumbo na kumwamini kila mwenye adabu.

Ila hii si yetu peke yetu. Wamarekani nao wana sura yao ya mtawala fisadi, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni Willie Stark katika All the King's Men, riwaya ya Robert Penn Warren iliyotoka mwaka 1946. Stark ni gavana wa jimbo la kusini, mtu wa hotuba za moto na umati wa watu, ambaye wasomaji wengi wamemfananisha na Huey Long, gavana wa Louisiana aliyepigwa risasi mwaka 1935. Riwaya ile ni kubwa kwa sababu yatuonyesha jinsi mtu aliyeanza na nia njema alivyoharibika. Lakini pia imewazoeza wasomaji kuutafuta ufisadi mahali penye makelele.

Illinois yenyewe ilipata somo juu ya jambo hili. Gavana wake, Rod Blagojevich, alikuwa msemaji sana, mpenda kamera, mtu wa mbwembwe. Desemba 2008 alikamatwa kwa mashtaka ya kutaka kujinufaisha kwa kiti cha useneta ambacho Barack Obama alikiacha alipochaguliwa kuwa Rais. Januari 2009 Baraza la Wawakilishi lilimshitaki kwa kura 114 dhidi ya 1, na Seneti ikamwondoa. Spika aliyeliongoza Baraza siku hiyo alikuwa Madigan. Watu walimtazama mwenye makelele akianguka, wakashusha pumzi, wakadhani nyumba imefagiliwa. Muda wa miaka miwili tu ulipita kabla ya kuanza yale malipo ambayo yangemfikisha Spika mwenyewe mahakamani.

Malipo hayo yalikuwa hivi. Kampuni ya umeme ya Commonwealth Edison, ambayo huwauzia umeme wateja wapatao milioni 4 wa kaskazini ya Illinois, ilihitaji sheria za kuifaa juu ya bei na matengenezo ya nyaya zake. Tangu 2011 hata 2019, wakati sheria kubwa za umeme zilipokuwa zikipita katika bunge la jimbo, kampuni iliwalipa watu wa karibu wa Spika zaidi ya dola milioni 1.3 kwa kazi ndogo au pasipo kazi yoyote. Fedha hazikupelekwa kwao moja kwa moja; zilipita katika mikataba ya watu wa kati. Wala hazikuingia katika mfuko wa Spika. Zilikwenda kwa watu waliokuwa wametumikia siasa yake. Julai 2020 kampuni ilikiri habari hizo mbele ya serikali ya Marekani, ikakubali kulipa dola milioni 200.

Katika sehemu hii ndipo kisa kinapomhusu mwanafunzi wa lugha kuliko mahali pengine popote. Mtu aliyekuwa daraja baina ya kampuni na Spika, Michael McClain, alikuwa rafiki wa Spika tangu walipokuwa wajumbe pamoja. Polisi wa shirikisho walipoisikiliza simu yake walimsikia mara kwa mara akiepuka kulitaja jina la Madigan. Alisema “rafiki yetu”. Rafiki yetu ataka hivi. Rafiki yetu angependa fulani apewe nafasi. Hakuna neno lililo jema kuliko rafiki, na kwa kuwa ni jema laweza kubeba mzigo wowote pasipo kuinama. Msikilizaji asiyejua husikia mapenzi; ajuaye husikia amri. Huko rushwa haikuitwa rushwa; iliitwa pendekezo, iliitwa msaada, iliitwa urafiki. Mahakamani watetezi wake walishika njia hiyo hiyo: kumpendekeza mtu kwa kazi si kosa, walisema, ndiyo siasa yenyewe.

Je, sisi tuna haki ya kuwacheka? Tuna chai, tuna kitu kidogo, tuna bahasha, na methali yetu yasema kuwa mkono mtupu haulambwi. Lakini mfano ulio mkubwa ni takrima. Neno hili ni la heshima. Maana yake ni kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania, kwamba kile ambacho mgombea amewapa watu kwa nia njema, kama ukarimu wa desturi, kisihesabiwe kuwa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania iliifuta takrima katika sheria kwa kuwa ilipingana na katiba. Kati ya miaka hiyo miwili neno zuri lilifanya kazi mbaya, na tangu hapo limebaki na doa. Leo mtu akilisema watu hutabasamu. Ndivyo neno linavyokufa. Huuawa na wale walioona kuwa heshima yake yaweza kuwafaa, wala adui zake hawana haja ya kulitupia jiwe.

Mpaka baina ya zawadi na rushwa si rahisi hata kwa majaji wakuu. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria moja ya shirikisho inayowahusu maofisa wa majimbo na miji yakataza rushwa iliyopatanwa kabla ya tendo, ila haikatazi zawadi inayotolewa baada yake pasipo mapatano. Kwa Kiswahili chetu ni kama kusema: chai ni kosa, asante si kosa. Sihukumu sheria za watu. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kupima kila neno aweza kuishi muda mrefu sana katika upenyo ulioko kati ya maneno hayo mawili.

Basi anguko lilitoka wapi? Lilitoka katika maneno, maana mdomo uliponza kichwa, hata kichwa cha mnyamavu. Diwani mmoja wa Chicago, Daniel Solis, alikuwa tangu 2016 akifanya kazi kwa siri na wapelelezi, akirekodi mazungumzo yake na Spika. Simu za McClain zilinaswa. Katika mazungumzo mamoja Madigan na McClain wasikika wakicheka juu ya watu waliojipatia fedha nyingi kwa kazi kidogo. Miaka 50 ya kutosema iliharibiwa na kicheko cha dakika chache.

Januari 2021 wajumbe wa chama chake walikuwa 73, naye alihitaji kura 60 ili arudi kitini. Katika kura yao ya ndani alipata 51. Hapakuwa na maandamano wala kelele. Wajumbe 19 walikuwa wamekwisha kusema kuwa hawatampa kura, wakashika neno lao. Tarehe 13 mwezi huo Emanuel Welch akawa Spika mpya, na mwezi uliofuata Madigan akaacha ubunge na uenyekiti wa chama. Machi 2022 alishitakiwa. Kesi ilianza Oktoba 2024, na Januari 2025 akafanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia: alipanda kizimbani akajitetea kwa kinywa chake. Februari 2025 raia 12 walioketi kuamua walimtia hatiani katika mashtaka 10, yakiwamo ya kula njama na rushwa. Walimwachilia katika 7. Na katika 6 hawakuweza kupatana. Tarehe 13 Juni 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na nusu na faini ya dola milioni 2.5. Hakimu alisema kuwa Madigan alisema uongo katika ushahidi wake. Alikata rufani, na Oktoba 2025 aliingia kifungoni, akiwa na umri wa miaka 83.

Katika hadithi zetu kuanguka kwa mdhalimu ni jua kuchomoza. Watu huimba na pazia hufungwa. Hapa hapakuwa na jua la namna hiyo. Hukumu iligawanyika mara tatu, kama mtu asemaye ndiyo, hapana na sijui kwa pumzi moja. Wengi katika kata ya 13 walimpigia kura maisha yao yote kwa kuwa njia zao zilitengenezwa na simu zao zilijibiwa, na barua nyingi zilipelekwa kwa hakimu kumwombea huruma. Sidhani kuwa wote waliomsifu walidanganywa. Alikuwa na manufaa ya kweli, na hapo ndipo palipo na ugumu. Mtunzi atakayemwandika mtu kama huyu na akamwonyesha mwizi mtupu atakuwa ameandika uongo. Na akimwonyesha mfadhili mtupu, uongo wake utakuwa mkubwa zaidi.

Sasa nirejee Kusadikika, kwa kuwa ni wajibu wangu kukiri kosa. Kitabu hiki cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, nimekifundisha kwa miaka mingi, na nimekifundisha kama nilivyofundishwa: Majivuno ni majivuno, Karama ni karama, na wanafunzi huandika majina hayo katika daftari kama funguo za milango. Mwaka mmoja mwanafunzi aliniuliza, “Mwalimu, na kama Majivuno asingalikuwa na jina hilo, Karama angalishitakiwa na nani?” Nilimjibu kwa haraka, jibu lisilofaa kitu. Nilipokuwa nikifuatilia kesi ya Illinois swali lake lilinirudia, nikakisoma kitabu upya.

Karama alishitakiwa kwa kosa gani? Hakuchukua upanga, wala hakumtukana mfalme. Kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi. Kwa siku sita ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa pande sita kuitafutia nchi mambo mema. Kila mmoja alirudi na kheri mkononi, na kila mmoja akafungwa. Tumezoea kuuliza: kwa nini Majivuno alikuwa mbaya kiasi hicho? Swali lililo bora ni hili: kwa nini aliweza mara sita? Baraza lilikuwako. Mfalme alikuwako. Utaratibu ulikuwako, na kwa utaratibu huo huo wasio na hatia walitiwa kifungoni mmoja baada ya mmoja, na Kusadikika ikaendelea kama kwamba hakuna aliyetoka wala aliyerudi. Sauti kubwa ya Majivuno haikutosha kuyafanya hayo. Yalifanyika kwa kuwa elimu ya sheria ilikuwa ya wachache, na waliobaki walikaa kimya.

Hivyo basi Shaaban Robert aliona zaidi ya tulivyofundisha. Aliona kuwa dawa ya udhalimu wa barazani ni watu wengi kujua kanuni za baraza. Madigan alikuwa na nguvu kwa sababu alizijua kanuni kuliko waliomchagua. Karama alishitakiwa kwa sababu alitaka kila mtu azijue. Hawa wawili wasimama pande mbili za mlango mmoja. Tena tukumbuke kwamba karama na takrima ni maneno ya shina moja, lile la ukarimu na heshima. Shina moja limetupa jina la mtetezi wa haki na jina la hongo ya uchaguzi, na ni juu yetu sisi wasemaji kuamua ni tawi lipi tutalimwagilia maji.

Nawaomba watunzi wetu jambo moja. Tuandikieni mla rushwa asiye na tumbo. Mpeni jina la kawaida, Hamisi au Juma, afike kazini mapema, ale tofaa lake, awajue watoto wa jirani zake kwa majina, atengeneze njia ya mtaa wake, na asiwahi kupaza sauti. Mwacheni msomaji ampende mpaka katikati ya kitabu. Kisha mwonyesheni, pasipo kumlazimisha, saa iliyosimamishwa, mswada uliokufa kamatini, na fulani anayelipwa kila mwezi kwa kazi asiyoifanya. Msomaji ataona haya, kwa kuwa atakuwa amempenda. Na haya hiyo itamfaa siku ya kura kuliko hasira zote tulizompa kwa ajili ya Bokono na wenzake.

Na sisi walimu tuache kuwapa wanafunzi funguo za majina. Tuwaulize nani aliketi barazani, nani alijua kanuni, na nani alinyamaza. Mwanafunzi akiweza kujibu hayo juu ya Kusadikika, ataweza kuyajibu juu ya baraza la kijiji chake.